Bega la Kushoto la Zimwi

Niliwahi kumwona mama akimtambua mwanawe ndani ya zimwi la mpira. Zimwi lenyewe lilikuwa la kijani, lenye magamba, pembe mbili na mkia wa kuburura, na mtu aliyekuwa ndani yake hakuonesha uso wake hata mara moja tangu kipindi kuanza hadi kuisha. Mama alikuwa amekaa juu ya kigoda katika chumba cha ghorofani, Golders Green, kaskazini ya London. Mwana alikuwa Japani, katika kanda iliyorekodiwa siku kumi nyuma. Zimwi lilitoka nyuma ya ghala, likapiga hatua nne au tano. Mama akaweka kikombe chake cha chai chini, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma namba ya basi linalokuja, "Huyu ndiye." Baadaye nilifanya kazi ya habari kwa miaka mingi, na kazi hiyo haina siri nyingine ila kuangalia. Sijapata kukutana na jicho lililoangalia kama lile.

Mwezi uliopita nilipokea kifurushi kutoka kwa Emi, binti wa Bwana Onuki, aliyekuwa mwajiri wangu mwaka ule. Baba yake amefariki akiwa mzee sana, usingizini, na watoto walikuwa wakisafisha nyumba. Ndani ya kifurushi mlikuwa na kanda moja ya video, na juu ya kanda karatasi ya manjano yenye neno moja kwa herufi kubwa, mwandiko wangu wa umri wa miaka ishirini na mbili: USIFUTE. Emi aliandika kwamba yeye na kaka yake walikua wakidhani hilo ni jina la kipindi. Duka lilipofungwa, kanda zote nyengine zilitupwa, lakini hiyo baba yao aliihamisha nyumba mbili, na kila akiulizwa alijibu kwamba ni ya Rukia, atakuja kuichukua. Sikwenda. Nilikaa na kanda ile mezani siku nzima kabla ya kuthubutu hata kuipangusa vumbi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Zuhura, mwanamke wa Pemba aliyekuwa na nyumba Kenton, barabara moja nyuma ya maduka ya Wahindi waliotoka Nairobi na Kampala. Chumba changu kilitosha kitanda na meza ya kupigia pasi, na ukutani mlikuwa na bomba lililokuwa likigonga kila asubuhi Bi Zuhura alipofungua maji ya kutawadha, hata sikuhitaji saa. Jikoni kwake kulikuwa na harufu ya iliki tangu alfajiri. Aliongea na watoto wake Kiswahili, wao wakimjibu kwa Kiingereza, naye akinigeukia mimi kama shahidi na kusema kwamba amezaa Wazungu wawili kwa uchungu wa Kipemba. Nilikuwa natafuta kazi. Katika dirisha la duka la magazeti nikaona kadi iliyoandikwa kwa mkono, kwa herufi zilizonyooka kama zimepangwa kwa rula: anatakiwa mtu makini, kazi ya kanda za video, si lazima kujua Kijapani. Nikapanda basi la 183 hadi mwisho wa safari yake.

Bwana Onuki alikuwa mtu mfupi, mwenye nywele zilizokatwa kama brashi, aliyevaa aproni ya bluu kana kwamba anauza samaki. Duka lake lilikuwa chumba kimoja cha mbele chenye rafu hadi darini, na wateja wake walikuwa familia za Kijapani zilizoletwa London na mabenki na makampuni kwa miaka mitatu, minne, kisha zikarudishwa. Walikodi vipindi vya televisheni vya kwao. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinimwagia kaunta nzima ya kanda na kuniambia nizipange. Nikamuuliza, kwa utaratibu gani. Akasema wowote, mradi niweze kuueleza. Sikujua kusoma hata alama moja ya maandishi yao, basi nikazipanga kwa uchakavu wa maboksi, yaliyochakaa zaidi yakakaa karibu na mlango, kwa kuwa ndiyo yanayotafutwa. Aliangalia muda mrefu, akahamisha kanda moja tu, akaniambia nije Jumatatu.

Kazi yenyewe ilikuwa ghorofani. Shemeji yake aliyekaa Osaka alikuwa akirekodi vipindi nyumbani wiki nzima na kuvituma kwa ndege, na kila Jumanne boksi lilifika. Kule juu kulikuwa na mashine ishirini na nne za video, zimepangwa juu ya rafu za chuma kuta tatu, zote zikinyonya kutoka mashine moja iliyowekwa peke yake juu ya meza ndogo. Kanda haikuweza kuharakishwa. Kipindi cha saa moja kilinakiliwa kwa saa moja, na mtu alipaswa kukaa akiangalia, kwa sababu mashine moja ikitafuna utepe zilizobaki hazisubiri. Hata mwezi wa Januari chumba kilikuwa na joto la jikoni. Mlio wa mashine ulikuwa mlio wa nyuki walioridhika. Na mimi, niliyeletwa pale kulinda utepe, nikawa naangalia televisheni ya Japani kwa muda wa saa saba kila siku bila kuelewa neno, na sikumbuki mwaka mwengine ambao nilifunzwa mengi hivyo.

Nitaeleza nilichokiona, maana watu waliokuja baadaye, ambao watoto wao wamekulia juu ya katuni za Kijapani, hawawezi kujua ilivyokuwa kukutana nayo yote kwa mkupuo, chumbani, bila mtu wa kukueleza. Niliona wapishi wawili wakishindana kukata figili huku ukumbi mzima umeshika pumzi kama kwenye mkwaju wa penalti. Niliona mchekeshaji akitumbukia katika tope, akitolewa, akioshwa, akiinama kuomba radhi kwa tope. Niliona mwimbaji wa kike akiaga jukwaa. Aliweka kipaza sauti chini sakafuni kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, na maelfu ya watu wakalia bila kelele. Tamthilia zao zilikuwa na watu waliopendana vipindi kumi na moja bila kugusana mkono. Sikuelewa maneno, lakini nilielewa kwamba hapakuwa na mtu mle ndani aliyefanya kazi yake nusu nusu. Hata tangazo la supu ya mkebe lilitengenezwa kana kwamba mfalme ataliangalia.

Sheria za Bwana Onuki zilikuwa tatu. Ya kwanza, matangazo ya biashara yasikatwe, kwa sababu wateja waliyalilia kuliko vipindi. Mama mmoja alimwambia kwamba tangazo la sabuni ndilo lililomfanya akumbuke harufu ya nyumba yake. Ya pili, kanda ikishakaa dukani wiki tatu irudi juu irekodiwe kitu kipya, kwa sababu kanda tupu zilikuwa ghali na rafu ni chache. Ya tatu aliisema akiwa amesimama wima: majina ya mwisho yasikatwe kamwe. Alimaanisha yale majina ya waliofanya kazi, yanayopanda kwenye kioo muziki ukipigwa, ambayo watu wengi duniani huyatumia kwenda kuchemsha chai. Sababu niliijua baadaye, wakati wa kula.

Tulikula saa saba mchana nyuma ya duka, katika jiko lenye dirisha moja lililotazama mapipa ya taka. Siku ya kwanza nilibeba chapati zangu kwenye karatasi ya bati, nikiogopa nguruwe. Yeye akaniuliza nisichokula ni nini, akaandika orodha, akaibandika juu ya friji, na tangu siku hiyo supu yake ilipikwa kwa samaki wadogo waliokaushwa. Alipofungua mfuko nikacheka peke yangu. Walikuwa dagaa. Nilisafiri nusu ya dunia nikakuta dagaa Golders Green, katika mkono wa Mjapani. Mezani ndipo aliponiambia kwamba ujanani alifanya kazi katika studio ya filamu za mazimwi. Alikuwa mjenzi wa miji. Walijenga Tokyo ya mbao na plasta, ndogo, yenye madirisha yanayowaka, nyaya za umeme za uzi na nguo zilizoanikwa juu ya mapaa, wakafanya hivyo wiki sita, kisha mtu aliyevaa zimwi akapita juu yake kwa dakika mbili. Nilimuuliza kama haikumuuma. Alisema kilichomuuma ni kwamba alijenga Tokyo mara nyingi na jina lake halikupanda kwenye kioo hata mara moja.

Bi Tazawa alikuja kila Jumatano saa nne asubuhi. Alikuwa mke wa afisa wa benki, miaka hamsini na kitu, koti la rangi ya kijivu, glavu, mwavuli hata siku ya jua. Kila wiki alikodi kanda moja tu, ya kipindi cha watoto cha Jumapili: wazima moto watatu wenye kofia za chuma wanaopambana na zimwi jipya kila wiki na kulishinda kabla ya saa kwisha. Nilikuwa naandika daftari la ukodishaji, nikaona kwamba kadi yake ya uanachama haina jina la mtoto. Nikamuuliza Bwana Onuki. Akanijibu kwamba kanda ya mteja ni kama dawa ya mteja, muuzaji haulizi ni ya ugonjwa gani. Jibu lile lilikuwa la haki na halikunitosha.

Pweza ndiye aliyetukutanisha. Bi Zuhura alikuwa amenifungia mchuzi wa pweza wa nazi, nikaupasha moto nyuma, na Bi Tazawa akafuata harufu hadi mlango wa jiko, mwanamke ambaye kwa miezi mitatu hakuvuka kaunta. Aliuliza kama kweli ni pweza. Alisema Waingereza majirani zake walimwona akisafisha pweza uani wakamwonea huruma, wakadhani ni maradhi. Nikamkaribisha. Alikula kwa adabu, kisha akala bila adabu, akapangusa sahani kwa mkate. Mtu akishakula sahani yako hivyo, unaweza kumuuliza.

Aliniambia akiangalia mapipa ya taka. Mwanawe aliitwa Shun. Aliacha chuo kikuu mwaka wa pili ili awe mtu wa ndani ya mazimwi. Baba yake alisema kwamba mtu anaweza kuidharau familia yake kwa njia nyingi, lakini kuficha uso ndani ya mpira ili upigwe mateke na watu wenye uso, hiyo hakuifikiria. Maneno yalikuwa makubwa kuliko hayo, kijana akaondoka, na tangu wakati huo, mwaka wa tatu sasa, hapakuwa na barua wala simu kutoka upande wowote. Mume alikataza jina lisitajwe. Yeye alitii. Jina hakulitaja, alikuwa akilisoma, kila Jumatano, mwisho wa kipindi, kati ya majina yaliyokuwa yakipanda. Likiwapo, mwanawe amekula wiki ile. Kisha akasema kwa haya, kama mtu anayekiri ujinga, kwamba kwa kweli haangojei jina. Anamjua kwa mwendo. Alivunjika mfupa wa bega la kushoto akiwa na miaka tisa, aliporuka ukuta wa skuli, na bega hilo hutangulia kushuka kila anapoanza hatua, hata avikwe mpira mzito kama mtungi wa gesi.

Alinitazama akingoja nicheke. Nilimwambia kwamba nilipokuwa mdogo, sikukuu, wanawake arubaini walitoka uwanjani pamoja, buibui nyeusi tupu, nikabu za uso zimeteremshwa, na mimi nilikimbia moja kwa moja na kumkumbatia mama yangu bila kumkosea. Hakuna mtoto kwetu aliyemkosea mama yake. Bi Tazawa akasogeza sahani kando. "Basi wewe unaweza kuona," akasema, na siku hiyo hiyo akapanda ngazi pamoja nami, na ndipo nilipoliona lile nililoanza nalo.

Tangu hapo kila Jumatano alikaa nami ghorofani, Bwana Onuki akijifanya hajui. Alinifunza kuangalia. Alinionesha kwamba Shun anapoanguka hupeleka mkono nyuma ya shingo kwanza, kwa kuwa ndivyo wanavyofunzwa, kulinda kichwa ndani ya kichwa. Alinionesha jinsi zimwi linavyosita kabla ya kuvunja nyumba ndogo. Wengine huzipitia tu, lakini mwanawe huinua mguu juu ya nyumba ya kwanza kana kwamba anaiomba radhi. Bwana Onuki, aliyekuwa mlangoni na sinia ya chai, alisikia hilo, akaondoka bila kuiweka sinia chini. Nilijifunza pia alama nne za jina lile, mbili za Tazawa, jina la ukoo, na mbili za Shun. Ndiyo maandishi pekee ya Kijapani ninayoyasoma hadi leo. Nilipomhadithia Bi Zuhura, alisita kuchambua mchele. Alikuwa akisema kwamba kazi yangu ni kuangalia watu wazima wakicheza na majoka ya mpira. Sasa akasema, "Masikini mama wa watu. Wetu wamefunikwa wanaonekana, wake yumo televisheni na hamuoni." Na tangu siku hiyo kila Jumanne jioni aliuliza, vipi, yule kijana wetu wiki hii kauawa na nini.

Desemba Bi Tazawa alishikwa na homa ya mafua, akakosa Jumatano kadhaa. Kanda iliyofika Jumanne ya kabla ya Krismasi niliinakili mwenyewe, nakala nne, wakati huo huo nikifunga maagizo ya sikukuu. Niliangalia kwa jicho moja. Zimwi la wiki ile lilikuwa na mabawa, lilipanda juu ya mnara, wazima moto wakalirushia maji, likaanguka. Nakumbuka niliinua kichwa kwa sababu anguko lile halikuwa kama mengine. Lilianguka kwa ubavu. Mkono haukwenda nyuma ya shingo. Picha ikakatwa haraka mno. Kisha simu ikalia chini, nikashuka, na majina yakapanda katika chumba kisichokuwa na mtu.

Nilichofanya baadaye nilikifanya kwa utaratibu, na hilo ndilo linaloniuma. Kila mwaka mkesha wa mwaka mpya Japani huwa na onesho refu la nyimbo, na kila familia ya Kijapani London ilitaka kuliona kabla wiki haijaisha. Mtu aliyelipata Ijumaa alimdharau aliyelipata Jumamosi. Lilikuwa refu kiasi cha kuhitaji kanda mbili kwa kila nakala. Kanda tupu zikaisha. Bwana Onuki alikuwa ameniachia onesho akarudi uwanja wa ndege kufuata mzigo mwengine. Nikafungua daftari langu, nikatazama zipi hazikukodiwa, ziwe zimetimiza wiki tatu au la, nikazikusanya kuanzia chini ya safu. Nakala za zimwi la mnara zilikuwa hapo chini kabisa. Moja ilikuwa imekodiwa na haijarudi, tatu hazikuguswa, na kanda yenyewe ya Osaka ilikuwa pamoja nazo. Niliona jina la kipindi. Nikajiambia kwamba Bwana Onuki lazima amempelekea mgonjwa nakala nyumbani, kama alivyozoea kuwafanyia wateja. Yeye, ilikuja kujulikana, alidhani mimi nimemwekea. Nikazitia katika mashine, nikabonyeza, na waimbaji wenye mavazi ya manyoya wakapita juu ya Shun. Aliporudi Bwana Onuki nilimwonesha orodha yangu kwa fahari.

Bi Tazawa alirudi katikati ya Januari, amekonda, na keki ya maharage kwa ajili yangu. Kulikuwa na kanda mbili mpya. Tukaangalia ya kwanza. Zimwi lilikuwa jeupe, la manyoya, lilitembea limenyooka. Akasema, "Siye." Tukaangalia ya pili. Siye. Majina yakapanda mara mbili na zile alama nne hazikuwamo. Akavaa glavu zake, akavua, akaomba ile aliyoikosa. Nilimwambia nimeifuta. Nilisema hivyo hivyo, sikupata maneno mengine. Hakunilaumu, angenilaumu ingekuwa nafuu. Aliniuliza maswali mawili tu: jina lilikuwapo, na alianguka vipi. La kwanza nilijibu sikuangalia. La pili nikamwomba anipe hadi kesho.

Usiku ule sikula. Bi Zuhura alinisikiliza hadi mwisho, mikono ndani ya unga. Nilitaka aniambie kwamba naweza kusema sikuona vizuri. Bwana Onuki alikwisha kupiga simu Osaka na kukuta shemeji naye kesharekodi juu ya nakala aliyobaki nayo, na familia iliyokodi nakala ya nne ilikuwa imesafiri. Kwa hivyo katika London nzima shahidi wa anguko lile alikuwa mimi peke yangu, na ninachokijua kingemfanya mama yule aamini kwamba mwanawe ameumia, labda zaidi ya kuumia. Bi Zuhura alisema, "Umeona, hukuona? Umeona. Basi mpe alichokiona jicho lako, mwanangu. Usimtilie chumvi wala usimtilie sukari." Asubuhi nilimweleza Bi Tazawa: mnara, ubavu, mkono ambao haukwenda, picha iliyokatwa. Nilionesha kwa mwili wangu pale pale sakafuni kati ya rafu. Alinitaka nirudie. Nikaanguka mara ya pili.

Februari familia ile iliyokuwa imekwenda likizo ilirudisha kanda zake zote kwa mkupuo, zimechelewa wiki sita, na kati yake mlikuwa na nakala ya nne. Bwana Onuki hakuwatoza faini; aliwainamia hadi wakaona haya. Tulipanda juu sote watatu, akazima mashine nyengine zote, na kwa mara ya kwanza chumba kile kilikuwa kimya. Zimwi la mabawa lilipotokea bega la kushoto likashuka. Bi Tazawa aliitikia kwa kichwa. Likainua mguu juu ya nyumba ya kwanza. Likapanda mnara. Likaanguka. Aliomba irudishwe nyuma, kisha tena. Akasema ni yeye hadi mwisho, na kwamba hakujua kuwa anaanguka. Nilimuuliza Bwana Onuki kwa nini studio ioneshe kitu kama hicho. Alisema anguko zuri halitupwi, yeye mwenyewe amewahi kuona likihifadhiwa huku mtu anabebwa kwenye machela, na kwamba watu walipiga makofi, si kwa ukatili, bali kwa kuwa kazi ilikuwa nzuri. Kisha majina yakaanza kupanda. Zile alama nne zilikuwapo. Bwana Onuki akanyoosha mkono na kusimamisha kanda pale pale, jina likiwa katikati ya kioo, likitetemeka kidogo kama vinavyotetemeka vitu vilivyosimamishwa, nasi tukalitazama hadi Bi Tazawa aliposimama. Yeye mtu wa sheria ya tatu aliikatisha kwa heshima, na hakuna kati yetu aliyeuliza kilichobaki.

Alipiga simu studio akiwa kwenye kaunta yetu. Walimjibu kwa upole kwamba Tazawa hayupo tena nao na anwani hawana. Siku hiyo hiyo alilitaja jina la mwanawe mbele ya mumewe, na mwezi wa Machi alipanda ndege peke yake. Kutoka Kobe, mji wa kwao, alituma kadi ya posta dukani. Ilieleza kwamba kuna baridi, kwamba pweza wa huko si kama wa Bi Zuhura, na kwamba ametembelea hospitali mbili. Hakukuwa na nyengine. Mume alirudishwa Japani mwaka uleule, nami nikapata kazi kwengine. Kabla ya kuondoka niliandika karatasi ile ya manjano kwa lugha ambayo hakuna mtu dukani angeweza kuisoma, kwa sababu kwa Kiingereza nilikwisha kuandika maneno mengi katika duka lile na sikuwa nayaamini tena.

Wiki iliyopita nilimpelekea kanda fundi mmoja Tottenham, kijana wa Kikongo mwenye kibanda sokoni anayehamisha harusi za zamani. Mashine yake ilihitaji siku mbili kukubali kanda ya Kijapani. Nilikaa kwenye kigoda chake nikaangalia. Bega, mguu, mnara, anguko. Jina likapanda katikati ya kioo, na kwa mara ya kwanza halikusimama. Lilipita juu, likafuatwa na mengine, muziki ukaisha. Likaja tangazo la supu. Kisha, kwa kuwa sikuwahi kukata kitu, kikaja kionjo cha kipindi cha wiki inayofuata.

Ni muda wa pumzi nne. Linaonekana zimwi jeupe la manyoya, lile lile ambalo Januari tulilitazama likitembea limenyooka na Bi Tazawa akasema siye. Lakini katika kionjo halijanyooka. Linatoka nyuma ya ukuta, linapiga hatua tano, na bega la kushoto linatangulia kushuka. Nilimwomba fundi airudishe mara nyingi hata akaniuliza kama huyo ni jamaa yangu. Ndani ya vazi lile jeupe waliingia watu wawili, mmoja akabaki katika kipindi na mwengine akabaki katika pumzi nne hizi. Ikiwa hatua hizi zilipigwa baada ya mnara, basi Shun aliinuka, akavaa tena, akatembea, na akaondoka kwa miguu yake. Ikiwa zilipigwa kabla, hazisemi lolote. Bwana Onuki ndiye angejua studio hupiga kipi kwanza, na yeye keshazikwa.

Emi alinitafutia anwani ya Kobe katika daftari la zamani la wanachama. Bi Tazawa, akiwa hai, amepita miaka themanini. Nimemtumia nakala na barua ya ukurasa mmoja inayoeleza nilichokiona, bila chumvi wala sukari, na nimemwomba aangalie mwenyewe, kwa kuwa jicho ni lake. Barua nimeituma kwa njia ya kusainiwa. Posta wanasema imepokelewa na imetiwa saini. Saini ni alama nne zilizoandikwa haraka; mbili za kwanza ni zile za Tazawa, jina la ukoo, na zile mbili za mwisho, za jina lake mtu mwenyewe, hata nikizigeuza vipi, hazisomeki.